Ukoo wa Delamere na Mkebe wa Babu

Ubishi ulianza ndani ya matatu, kama unavyoanza ubishi mwingi wa nchi hii. Tulikuwa tumetoka Nairobi alfajiri kwenda Nakuru, tumeshaipita Gilgil, na ziwa Elmenteita limeanza kujitokeza upande wa kushoto. Ng'ambo ya ziwa kuna kilima ambacho kila msafiri wa barabara ile anakijua. Ukikitazama vizuri utaona mtu amelala chali: paji la uso, pua, kidevu, kifua. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami akamwonyesha mjukuu wake.

"Unaona yule? Yule ni moran amelala."

Makanga akadakia kutoka mlangoni, "Ai, mzee wangu! Ile si ni pua ya Delamere!"

Gari zima likacheka. Mzee hakucheka. Alisema tu, "Kijana, kile kilima kilikuwa na pua yake kabla Delamere hajazaliwa."

Nikauliza, "Lakini wazee, huyu Delamere alikuwa mtoto wa nani hasa?" Hapo kila mtu akawa profesa. Mmoja akasema alikuwa ndugu wa mfalme. Mwingine akasema alikuwa mwanajeshi aliyelipwa mashamba. Mama mmoja aliyekuwa nyuma akasema yeye anachojua ni kwamba Delamere ni maziwa, yale ya kando ya barabara pale Naivasha. Tukacheka tena. Lakini mimi swali lilinikaa rohoni. Jina hili tumelisikia tangu shule ya msingi, tumelikariri katika mtihani, na bado hatumjui mwenyewe alikotoka wala aliokuja kuwazaa.

Ndugu msomaji, nilikuwa nikienda Njoro kumsalimia nyanya yangu, na Njoro ndiko Delamere alikoanzia. Nikajiambia, hebu niufuatilie ukoo huu, mababu hadi wajukuu. Sikujua kwamba njia hiyo ingenirudisha kwetu.

JINA LISILOSOMEKA KAMA LILIVYOANDIKWA

Kuwatafuta mababu wa lodi wa Kiingereza ni rahisi kuliko kutafuta shati zuri Gikomba. Wamejiandika wenyewe. Kipo kitabu kinachoitwa Burke's Peerage, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1826, ambacho kazi yake ni hiyo tu: nani alimzaa nani, alimwoa nani, alikufa lini, na nani alirithi. Ukifungua unakuta watu wamepangwa kama vyombo kabatini.

Delamere si jina la ukoo. Ni jina la cheo. Ukoo wenyewe unaitwa Cholmondeley, na usijisumbue kulisoma kama lilivyoandikwa, maana Waingereza wenyewe hulitamka "Chamli". Sisi tuliolelewa na lugha inayosomwa kama inavyoandikwa tunabaki kushangaa.

Makao yao yalikuwa Vale Royal, katika jimbo la Cheshire, Uingereza. Mahali hapo palianza kama nyumba ya watawa. Mfalme Edward wa Kwanza aliweka jiwe la msingi mwaka 1277. Watawa wale wakawa ndio wenye ardhi, na wanakijiji wa Darnhall na Over wakawa watu wao wa kufanya kazi na kutoa malipo. Katika karne ya 14 wanakijiji hao walipambana na abati wao kwa miaka mingi wakidai kwamba wao ni watu huru, si watwana. Mwaka 1336 walifunga safari kumpelekea mfalme mashtaka yao. Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Kumbe hata kule kulikuwa na maskwota! Kumbe udongo wa Uingereza nao umewahi kusikia maneno tuliyodhani ni yetu peke yetu: ardhi ni ya nani, na anayeilima ni mtu au ni mali?

Mwaka 1538, Mfalme Henry wa Nane alipokuwa akizifunga nyumba za watawa, Vale Royal nayo ikafungwa, na ardhi yake ikaingia mikononi mwa watu wakubwa. Mwanzoni mwa karne ya 17 ikanunuliwa na mama mmoja mwenye uwezo, Lady Mary Cholmondeley. Kutoka kwake ndiko tawi hili la ukoo lilikoshuka. Mwaka 1821 mjukuu wake wa mbali, Thomas Cholmondeley, akapewa cheo cha baroni, akawa Delamere wa kwanza. Wa pili akawa Hugh. Wa tatu naye akawa Hugh, aliyezaliwa mwaka 1870. Huyo ndiye wetu, yule wa kwenye mtihani.

SIMBA, ABDULLAH NA NJORO

Baba yake alifariki mwaka 1887, kijana akarithi cheo na mashamba akiwa na miaka 17. Badala ya kutulia nyumbani akashikwa na uwindaji. Mwaka 1891 alikwenda nchi ya Wasomali kuwinda simba, kisha akawa anarudi huko mara kwa mara.

Sasa sikiliza. Mwaka 1894, katika safari mojawapo, simba alimrukia na kumng'ata vibaya mguuni. Aliyemwokoa alikuwa mbeba bunduki wake, Msomali aliyeitwa Abdullah Ashur. Alimrukia simba mwili kwa mwili, na hapo Delamere akapata nafasi ya kuifikia bunduki yake. Delamere alichechemea kwa maisha yake yote, lakini aliishi.

Hebu hesabu nami. Mwaka 1894 Delamere alikuwa hajaoa. Alimwoa Lady Florence Cole mwaka 1899, na mtoto wao wa pekee, Thomas, akazaliwa mwaka 1900. Kama Abdullah angeogopa siku ile, na nani angemlaumu, basi Thomas hangezaliwa, wala watoto wa Thomas, wala wajukuu. Mti wote kuanzia hapo kushuka chini umesimama juu ya mikono ya Abdullah Ashur. Katika mchoro wa ukoo, yeye hana hata kijitawi.

Kiasi cha mwaka 1897 safari ya kuwinda ilimvusha Delamere kutoka pwani ya Wasomali hadi kwenye nyanda za juu za Kenya. Akapapenda. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 kule Njoro, kwa mkataba wa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka. Ekari 100,000 ni zaidi ya nusu ya eneo la jiji la Nairobi la leo. Akaliita shamba hilo Equator Ranch.

Mwanzoni mambo yalimwendea vibaya. Mifugo aliyoileta kwa gharama kubwa ilikufa mmoja baada ya mwingine. Wamaasai walikuwa hawalishi ng'ombe wao upande ule, na sababu walikuwa nayo: walijua nyasi zake hazimnenepeshi mnyama. Baadaye wataalamu nao wakagundua kwamba udongo ulipungukiwa madini. Alipopanda ngano ikaliwa na kutu. Akawa anajaribu mbegu hii na ile, akiingia madeni, mpaka akapata aina zilizostahimili. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Kwa hiyo neno letu la jikoni likawa jina la kampuni ya lodi, na bado unaliona kwenye pakiti dukani.

Wakati huohuo, wenye nchi walikuwa wakihamishwa. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa kaskazini Laikipia, wengine kusini. Karatasi ilisema mpango huo utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwaondoa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa kwa hoja kwamba huo ulikuwa mkataba baina ya mataifa mawili, na mahakama haina uwezo juu yake. Yaani siku ya kuhamishwa walikuwa raiya wa kutii amri, siku ya kudai haki wakawa taifa la kigeni!

Delamere alijifunza kusema Kimaasai na alipenda kuketi na wazee wao akipiga soga. Huyohuyo ndiye aliyewaongoza walowezi kudai kwamba nyanda za juu ziwe za wazungu peke yao. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na mwandishi akificha moja anamdanganya msomaji.

WANA NA WAJUKUU

Delamere wa tatu alifariki mwaka 1931. Miaka minne baadaye Elspeth Huxley akatoa kitabu cha juzuu mbili juu ya maisha yake. Nairobi ikamjengea sanamu kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 sanamu iliondolewa, ikapelekwa kwenye shamba la familia, Soysambu, kando ya ziwa lilelile tulilolipita na matatu. Barabara ikawa Kenyatta Avenue.

Thomas, Delamere wa nne, aliishi hadi mwaka 1979. Wakati wake nyumba ya Vale Royal iliuzwa, mwaka 1947. Leo pale ni klabu ya gofu. Ndugu msomaji, usilipite jambo hili haraka. Watu wa ukoo huu ambao tumezoea kuwaita wageni hawana tena nyumba ya mababu kule walikotoka. Walowezi wengi walipouza mashamba na kuondoka karibu na uhuru, hawa walibaki.

Wa tano akawa Hugh, aliyezaliwa mwaka 1934. Mwaka 1964, Kenya ikiwa na mwaka mmoja wa uhuru, alimwoa binti wa Sir Patrick Renison. Huyo Renison ndiye aliyekuwa gavana wa Kenya kuanzia 1959 hadi 1962, na ndiye aliyemtangaza Jomo Kenyatta mwaka 1960 kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Kenyatta akawa rais, na binti wa gavana akawa mke wa mkulima katika nchi ya Kenyatta.

Mtoto wao wa pekee wa kiume aliitwa Thomas, aliyezaliwa mwaka 1968. Hapa hadithi inaingia damu. Aprili 2005, ndani ya Soysambu, Thomas Cholmondeley alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori, Mmaasai, aliyekuwa kazini akichunguza biashara ya nyama za porini. Alishtakiwa kwa mauaji, akasema alidhani ni jambazi, na mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi. Wamaasai wakaandamana. Mei 2006, katika shamba hilohilo, mtu mwingine akafa kwa risasi: Robert Njoya, fundi wa mawe. Safari hii kesi iliendelea hadi mwaka 2009. Mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, ikampa miezi minane jela, juu ya miaka mitatu aliyokuwa amekaa rumande.

Watu walisema ni mambo mapya. Si mapya. Mwaka 1911 Galbraith Cole, kaka yake yule Lady Florence, ambaye shamba lake lilikuwa karibu na ziwa hilohilo, alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Baraza la walowezi wenzake likamwona hana hatia. Serikali ikamfukuza nchini kwa aibu, kisha baada ya muda akarudi kwenye shamba lake.

Thomas alifariki mwaka 2016 baada ya upasuaji, akiwa na miaka 48. Baba yake alimzika mwanawe, akaishi hadi Oktoba 2024, akafariki akiwa na miaka 90. Cheo kikamruka aliyekufa kikaenda kwa mjukuu, Delamere wa sita. Yeye bado ni kijana, tena hajanikosea lolote. Namwacha apumue.

MKEBE

Haya yote nilimsimulia nyanya tukiwa tumeketi jikoni kwake, moto unafuka, chai imejaa moshi. Amekaribia miaka tisini, lakini masikio yake ni ya msichana. Yeye na marehemu babu walikulia kwenye shamba la mzungu mwingine, mdogo, ambaye watumishi walimjua kwa jina la utani tu. Nilimchorea mti wa akina Delamere kwenye daftari, akawa anafuata kwa kidole. Nilipofika kwa Abdullah Ashur akanikatiza.

"Na huyo Msomali, alizaa?"

"Sijui, nyanya. Hapa hajaandikwa."

"Aliyemwokoa ndiye hakuandikwa!" Akatikisa kichwa.

Nikaendelea kumsomea: Thomas, Hugh, Hugh, Thomas, Hugh, Thomas. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe nao huwapa watoto majina ya babu zao!"

Basi nikaona niuchore na mti wetu upande wa pili wa karatasi. Nikaandika jina langu, la baba, la babu, la baba yake babu. Hapo kalamu ikasimama.

"Nyanya, na baba yake huyu aliitwa nani?"

"Huyo sikumkuta. Na waliomkuta wamekufa wote."

Unaona mambo, ndugu msomaji? Naweza kukutajia aliyenunua nyumba Cheshire miaka mia nne iliyopita, na nashindwa kumtaja babu wa babu yangu mwenyewe. Niliona aibu kweli.

Nyanya akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kimkebe cha bati chenye kikamba, kimeshika kutu. Nilikitambua kutoka vitabuni: mkebe wa kipande. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika wa Kenya mwenye umri wa kufanya kazi alilazimishwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, waajiri wake na mshahara wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya mkebe kama huo. Wazee wetu waliuita mbugi, kengele ya mbuzi, kwa sababu mbuzi naye huvishwa kengele shingoni ili asipotee.

Nikaufungua kwa matumaini makubwa. Nilifikiri, haya, karatasi ya mkoloni ndiyo itakayonipa ukoo. Ulikuwa mtupu. Karatasi ililiwa na mchwa zamani. Hata ingekuwepo, ingeniambia babu alifanya kazi kwa nani na kwa shilingi ngapi. Ilikuwa karatasi ya kumlinda mwenye shamba asikimbiwe.

Nyanya alinitazama nilivyovunjika moyo, kisha akaniuliza kama anayemuuliza mtoto wa chekechea.

"Babu yako alikuwa mtoto wa ngapi kwao?"

"Wa kwanza. Kifungua mimba."

"Na kwetu kifungua mimba wa kiume huitwa jina la nani?"

Mimi ni mtoto wa mjini, lakini hilo nalijua. Kwetu Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake. Ndiyo sababu mimi naitwa jina la babu. Ndiyo sababu baba anaitwa jina la baba yake babu. Nikaanza kupanda juu pole pole. Kama babu alikuwa kifungua mimba, basi naye alichukua jina la baba wa baba yake. Yaani yule niliyemwachia nafasi tupu kwenye karatasi...

"Andika," nyanya akasema.

Nikaandika jina langu mwenyewe.

Nimelijibu jina hilo miaka yote shuleni, nimelipachika chini ya mashairi yangu mabovu, nimelitaja kwa makarani madirishani, nisijue kwamba nambeba mtu. Huyo mtu aliishi kabla ya mkoloni kufika, hakubeba mkebe, hakuna aliyemchukua alama za vidole. Hakuna kitabu chenye jina lake. Lakini jina lenyewe lilipita mdomoni hadi mdomoni, likavuka mashamba ya watu, likanifikia mimi niliyekuwa bize nikitafuta mababu wa Delamere.

Sisemi kwamba midomo inatosha. Nyanya akiondoka, mambo mengi yatazikwa naye, na jina peke yake halinielezi mtu yule alikuwa mkali au mpole, alilima wapi, aliogopa nini. Akina Cholmondeley walitushinda kwa jambo moja: waliandika. Waliandika hata walipokosea, na ndiyo maana leo ninaweza kuwauliza maswali.

Kwa hiyo mwandishi mwenzangu, wewe unayesoma gazeti hili ukiwa na daftari chini ya godoro, nina ombi. Kabla hujaandika hadithi ya mapenzi ya chuo kikuu, nenda ukamketie mzee mmoja wa kwenu. Muulize majina, na kila jina uliza lilitoka kwa nani. Nenda kanisani ukaombe daftari la ubatizo. Nenda pale jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, lile unalolipita kila siku ukikimbilia matatu, ukaulize. Na ukikutana na Abdullah Ashur katika karatasi za watu wengine, muandike.

Siku ya kurudi nilikaa upande wa dirisha. Tulipofika Elmenteita kilima kikatokea, pua yake juu kama kawaida. Kijana niliyeketi naye akanigusa bega.

"Buda, hiyo si ndiyo wanaita pua ya Delamere?"

Nikamwambia, "Wengine huiita hivyo. Una dakika ngapi nikusimulie?"